Kalamu Kando ya Semliki: Waandishi Chipukizi wa Butembo na Beni na Waliowatia Moyo

Historia ya fasihi andishi ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki, ina sura moja ambayo wanafunzi huikariri bila shida: sura ya mashindano ya uandishi. Mtumishi wa serikali au mwalimu wa shule ya msingi anaandika muswada usiku kwa taa ya chemli, anaupeleka kwa posta, na baada ya miezi kadhaa anapata barua. Kwa sababu hiyo, suala la kumtia moyo mwandishi chipukizi aghalabu huelezwa kana kwamba ni suala la zawadi na majaji. Makala haya yanaliangalia suala hilo kutoka upande ambao barua ya namna hiyo haikufika, yaani Butembo na Beni, magharibi ya Milima ya Rwenzori na mto Semliki, katika Kivu ya Kaskazini. Huko watu wamekuwa wakisema Kiswahili kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyotungwa na wenyeji ni haba mno. Kusema kwamba vipaji havikuwapo ni jibu jepesi, nalo halifai.

Kiswahili kiliingia katika bonde la Semliki na misitu ya Ituri katika miaka ya 1880 pamoja na misafara ya pembe za ndovu ya Waungwana na Wamanyema. Kutokana na jina la Waungwana ndipo Wazungu walipokiita Kiswahili cha Kongo kwa jina la Kingwana. Mwanzo huo haukuwa wa heri kwa wenyeji, kwani lugha ilikuja na bunduki na mateka. Hata hivyo, ni katika mkondo huohuo wa biashara ndimo kilimotoka kitabu kikubwa cha kwanza cha nathari ya Kiswahili kinachoeleza nchi za Kongo ya mashariki: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, yaliyochapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini. Tippu Tip alikuwa mzee aliyestaafu Unguja. Aliyemshawishi aandike ni Brode. Mzee akaandika kwa hati za Kiarabu, naye Brode akazigeuza kuwa za Kilatini. Mwandishi chipukizi huyu alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini.

Upande wa Waingereza wa mpaka, mambo yalichukua sura ya kiofisi. Kamati ya Lugha ya nchi nne za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar iliundwa mwaka 1930, ikaweka tahajia moja juu ya msingi wa Kiunguja. Mwaka 1948 ikaanzishwa East African Literature Bureau, ambayo kazi yake moja ilikuwa kuwatafuta watunzi wapya. Ni katika mashindano yake ya mwaka 1957/58 ndipo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipopata zawadi ya kwanza kwa hadithi iliyotoka kitabuni mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na msomaji wa Kiswahili akakutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa. Faida ya taasisi ile haikuwa fedha za zawadi peke yake. Ilikuwa na wahariri. Muswada ulisomwa na mtu aliyelipwa kuusoma, ukarudishwa na maelezo, ukasahihishwa. Mwandishi anayeanza hupata nguvu zaidi kwa kusomwa kuliko kwa kusifiwa.

Mamlaka ya taasisi hiyo yalikoma Mpondwe. Ukivuka kufika Kasindi, uliingia katika Kongo ya Wabelgiji, ambako Kiswahili kilikuwa na kazi nyingine. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameonyesha kwamba vitabu vidogo vya msamiati walivyotungiwa maafisa, mainjinia na mabibi wa Kizungu vilijaa sentensi za amri: leta, fagia, nyamaza. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuagizia. Lugha ya kuandikia, kwa Mkongo aliyetaka kuhesabiwa kuwa mstaarabu, ilikuwa Kifaransa. Jarida la La Voix du Congolais lililotolewa Léopoldville kati ya 1945 na 1959 chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba lilifungua kurasa zake kwa waandishi Waafrika, lakini kwa Kifaransa, na kwa mipaka. Paul Lomami Tshibamba alipouliza humo, mwaka 1945, nafasi ya watu wake itakuwa ipi katika dunia ya kesho, alihojiwa na kuchapwa viboko. Miaka mitatu baadaye, 1948, mtu huyohuyo alipewa zawadi ya fasihi ya maonyesho ya kikoloni ya Brussels kwa hadithi yake ya Ngando. Baada ya hapo alihamia Brazzaville. Pengine hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa utawala unaopenda hadithi ya mwandishi na kuchukia swali lake.

Kwa kijana wa Butembo, mji uliokua haraka juu ya vilima vya baridi, mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu alikuwa na lugha tatu na kila moja ilikuwa na mlango wake. Kinande kilikuwa lugha ya nyumbani na ya hadithi za jioni. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya barabara, na ya mahubiri kwa watu mchanganyiko. Kifaransa kilikuwa lugha ya cheti. Mapadri Waasumpsio waliofika mwaka 1929 na wamisionari Wabaptisti wa Katwa walifundisha kusoma na kuandika, na kwa miongo mingi takriban kila aliyeshika kalamu katika nchi hii alitoka mikononi mwao. Lakini maandishi waliyoyahitaji yalikuwa katekisimu, nyimbo na tafsiri za Maandiko. Mkatekista alikuwa mfasiri, mnakili na msomaji wa hadhara kwa pamoja; hakutarajiwa kuwa mtunzi. Utafiti wa haki juu ya uandishi wa Beni na Butembo ungeanza kwa mkatekista, si kwa mshairi.

Mfano mkubwa zaidi wa watu waliojianzishia uandishi wenyewe unapatikana kwa ndugu wa Wanande walio upande wa pili wa mlima. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja waliokatwa na mpaka. Lugha zao husikilizana. Katika ufalme wa Toro, ambamo Wakonzo waliwekwa na Waingereza, watoto wao walisomeshwa kwa Kitooro. Mwaka 1954 mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, aliunda chama alichokiita Bakonzo Life History Research Society. Jina hilo, ukilitazama vizuri, ni jina la idara ya chuo kikuu. Waliolibeba walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji wakiwauliza wazee habari za koo, za mila, na za viongozi watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walionyongwa mwaka 1921 baada ya uasi dhidi ya Toro. Mwandishi wa habari Mwingereza, Tom Stacey, aliyezunguka milimani pamoja na Mukirane mwaka huohuo wa 1954, ameieleza safari hiyo katika vitabu vyake.

Chama kilichoanza kwa kukusanya hadithi kilizaa, mwaka 1962, harakati za Rwenzururu, na Mukirane akafa mwaka 1966 akiwa kiongozi wa ufalme uliojitangaza milimani. Wanahistoria wa siasa hukisoma chama kile kama kisingizio cha siasa tangu mwanzo. Yawezekana, lakini tafsiri hiyo inapunguza jambo lenye maana zaidi kwa uchunguzi wa maandishi. Mtu aliyekatazwa kusoma kwa lugha yake aligundua kwamba kuandika orodha ya mababu ni tendo zito. Hakungoja mashindano. Alihitaji msikilizaji mmoja kutoka nje na wazee waliokubali kusema, na hivyo viwili akavipata.

Miaka miwili baadaye, upande wa Kongo, katika nchi ya Wanyanga inayopakana na Wanande kwa kusini magharibi, lilitokea tukio la aina nyingine. Mwaka 1956 katika kijiji cha Bese, msimulizi Shé-Karisi Candi Rureke alisimulia, akaimba na kuigiza utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili mbele ya mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliokuwa wakiandika. Kwa desturi masimulizi hayo hutolewa kwa vipande. Si kawaida kuyatoa yote mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa maneno mengine, utenzi mzima, kama tunavyoujua kitabuni, ni matokeo ya mkutano wa sauti na kalamu. Kitabu kilichapishwa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1969, na juu ya jalada jina la Biebuyck linafuatana na la Kahombo Mateene, msomi Mnyanga aliyeshirikiana naye kuyahariri na kuyatafsiri maandishi. Mateene baadaye aliiongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa Kampala, na akatumia miaka mingi kutetea matumizi ya lugha za Kiafrika katika elimu na serikali. Ni vigumu kuamini kwamba utetezi huo hauna uhusiano na kazi ile ya kuandika neno kwa neno lugha ya watu wake.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, jambo lililobeba somo kubwa kuliko yote halikutokea Kivu bali Katanga. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu na kurudufiwa, kilichotungwa na André Yav. Kiliitwa Vocabulaire, ingawa si msamiati hata kidogo. Ni historia ya mji, tangu wafalme wa kale hadi mabwana wa Kibelgiji, kama ilivyoonwa na waliokuwa wakiitwa "boi". Fabian, aliyekihariri na kukichapisha mwaka 1990, ameona kwamba jina hilo si la bahati: watumwa wa kitabu cha amri waliliteka jina la kitabu cha amri, wakaandika ndani yake habari zao. Tahajia yake haifuati kamati yoyote. Maneno yameunganishwa mahali yalipopaswa kutengana, na nukta hazina mpango. Hata Mswahili wa huko akiyasoma kwa macho tu huchoka. Kalundi Mango, msomi wa Lubumbashi, aliposomeshwa maandishi hayo kwa sauti, mafundo yakafunguka, na mashine ya kunasa sauti ikapokea hadithi iliyo sawa kabisa. Yav alikuwa ameandika kwa sikio.

Hapo ndipo ilipo hoja inayomgusa kijana wa Beni moja kwa moja. Anaposema "niko natafuta kitabu yangu", anasema Kiswahili ambacho mamilioni ya watu wa Kongo ya mashariki wanakielewa, lakini mwalimu aliyesomea kwa vitabu vya Dar es Salaam humwambia kwamba amekosea mara mbili katika maneno manne. Akitaka kuandika "mtu", ulimi wake unasema "mutu". Kwa hiyo kabla ya kufikiri juu ya wahusika na matukio, anafikiri juu ya upatanisho wa ngeli, na kalamu inakauka. Waandishi wa mwambao walikuwa na vikwazo vyao, lakini hawakuambiwa kwamba lugha ya mama zao ni kosa. Lawama ya aina hii imewavunja moyo watunzi wengi kuliko ukosefu wa karatasi, na wanaoitoa mara nyingi ni watu wanaokipenda Kiswahili kwa dhati.

Si kwamba Kinande kiliwapa njia rahisi zaidi. Kina irabu nyingi kuliko tano za hati ya Kiswahili, na toni ambazo alfabeti ya misheni haikuzionyesha. Mwaka 1974 semina ya kitaifa ya wanaisimu wa Zaire iliyofanyika Lubumbashi ilizungumzia matumizi ya lugha za nchi katika shule, na mwaka uliofuata Kambale Kavutirwaki akatoa mkusanyo wa ngano za Kinande, uliochapishwa na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kisha wasomi wa eneo hilo, akina Nzama Valinande na Ngessimo Mutaka, wakaandika tasnifu zao Marekani katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Kinande kikawa mfano maarufu katika nadharia za toni na za upatanifu wa irabu. Kavutirwaki na Mutaka wakaja kutoa kamusi ya Kinande na Kifaransa. Hali hii ina kejeli yake: wanafunzi wa fonolojia wa California walijua jinsi irabu za Kinande zinavyovutana wakati ambapo mwanafunzi wa Butembo hakuwa na kitabu cha hadithi cha kusoma kwa lugha hiyo. Utafiti ulipeleka sifa mbali. Haukuleta wasomaji karibu.

Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni kwa zaidi ya miaka thelathini, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Mji ukapata walimu, maktaba na wachapishaji wadogo. Lakini mchango wa Kataliko kwa historia ya maandishi unaonekana zaidi katika kurasa chache alizoandika baada ya kuhamishiwa Bukavu mwaka 1997 kuwa askofu mkuu. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 alieleza kwa jina la wazi jinsi mamlaka za kigeni, zikisaidiwa na baadhi ya Wakongo, zilivyokuwa zikiendesha vita kwa mali ya nchi yenyewe. Februari 2000 wakuu wa kundi la waasi la RCD walimzuia kurudi Bukavu, wakamhamishia Butembo kwa lazima. Alikaa huko hadi Septemba, akaruhusiwa kurudi, na mwezi uliofuata akafariki nchini Italia.

Barua ya kichungaji haimo katika orodha ya tanzu zinazofundishwa katika idara za fasihi. Imo, hata hivyo, katika masikio ya watu. Husomwa madhabahuni, hufafanuliwa kwa Kiswahili na Kinande, hurudiwa njiani. Kizazi cha vijana wa Butembo kilichoona askofu akirudishwa kwao kwa sababu ya karatasi kilijifunza uzito wa maandishi bila kuhudhuria warsha. Kilijifunza pia mtindo: sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, na ujasiri wa kumtaja anayehusika.

Ujasiri huo ulihitajika tena. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimeshambuliwa mara kwa mara na wakazi wake kuuawa kwa mapanga, na juu ya msiba huo ukaja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kugunduliwa Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Katika majira hayo swali la lugha liliacha kuwa la wanazuoni. Mabango na vipeperushi vilikuja kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili sanifu chenye istilahi ambazo wauza mboga hawakuzijua. Uchunguzi wa shirika la Translators without Borders mjini Beni mwaka 2019 ulionyesha kwamba watu hawakutaka amri fupi za kunawa mikono peke yake. Walitaka maelezo marefu, ya sababu na namna, katika Kiswahili chao wenyewe au Kinande. Mtu haamini dawa ambayo jina lake tu linamtisha.

Basi wakahitajika waandishi, na haraka. Watangazaji wa redio za jamii, walimu na wauguzi walijikuta wakitunga michezo ya redio, maswali na majibu, na maelezo ya chanjo. Wengi wao hawakuwa wamejiita waandishi kamwe. Walifanya yaleyale aliyoyafanya Yav, yaani waliandika kwa sikio, ila wao walikuwa na msikilizaji ambaye angeweza kufa akikosea kuelewa. Kazi hiyo ilikuwa na hatari kwa mtunzi pia: Novemba 2019 mtangazaji Papy Mumbere Mahamba, aliyekuwa akiendesha vipindi vya Ebola katika redio ya Lwemba, Ituri, aliuawa nyumbani kwake. Maandishi ya kipindi hicho hayakuwekwa katika maktaba yoyote kwa utaratibu. Mengi yalikuwa karatasi zilizosomwa mara moja mbele ya kipaza sauti na kutupwa. Endapo idara za Kiswahili zinatafuta nathari ya Kongo ya karne hii, zingeanzia hapo, kabla karatasi zilizobaki hazijaliwa na mchwa.

Milango ya kiofisi, kwa upande wake, imefunguka kuliko ilivyokuwa mwaka 1948. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo baadaye imeitwa Safal-Cornell, haimwulizi mtunzi uraia wake. Washindi wa kwanza, mwaka 2015, walikuwa Anna Samwel Manyanza katika riwaya na Mohammed Ghassani katika ushairi. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na muswada kutoka Butembo unaweza, kwa sheria, kupita Kasindi bila kuwa wa kigeni.

Utakapofika mezani kwa mhariri wa Nairobi au Dar es Salaam, mhariri huyo atakutana na mama wa sokoni anayesema "kitabu yangu". Kanuni zake za nyumba ya uchapishaji zinamwelekeza asahihishe. Katika riwaya za mwambao, Kimvita cha mhusika au Kipemba chake huachwa kama kilivyo, na wahakiki hukisifu kuwa ladha ya mahali. Kama Kiswahili cha Beni kitapewa haki hiyo ni jambo ambalo wahariri hawajalazimika kuliamua, kwa kuwa miswada iliyowafikia kutoka huko bado ni michache.